Ana kibali, ana bastola, kasimamishwa na polisi: sheria ya Marekani inasemaje?

Kila inaposambaa video ya askari wa Marekani akimpiga risasi dereva, swali lilelile hurudi kwenye makundi yetu ya simu: kama nchi ile imewaruhusu watu wake kutembea na bastola, inakuwaje mtu auawe kwa sababu ana bastola? Wengine hujibu upesi kwamba marehemu lazima alifanya jambo. Wengine husema kibali ni karatasi tu, haina kazi kwa mtu mweusi. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini yote mawili yanaruka kiini cha jambo. Kiini hicho ni sheria yenyewe, na inaeleweka mtu akiifungua polepole.

Tuanze na kisa kilichowafanya watu wengi waulize. Philando Castile alikuwa na miaka 32, akifanya kazi kwenye jiko la shule moja mjini Saint Paul, Minnesota. Tarehe 6 Julai 2016, saa tatu usiku na dakika chache, alikuwa akipita na gari Falcon Heights, kitongoji cha jirani. Mpenzi wake alikaa kiti cha pembeni, na kiti cha nyuma alikuwepo binti wa mpenzi wake, mtoto wa miaka minne. Askari Jeronimo Yanez akawasimamisha. Dereva aliambiwa kosa ni taa ya breki isiyowaka. Kwenye redio, dakika chache kabla, askari huyo alikuwa amemwambia mwenzake kwamba waliomo ndani ya gari wanafanana na washukiwa wa wizi, akataja na upana wa pua ya dereva.

Yanez aliomba leseni na karatasi ya bima. Castile akampa ya bima. Kisha, kwa sauti ya utulivu na kwa maneno ya heshima, akamwambia inambidi amjulishe kwamba ana silaha. Askari akamjibu kwamba basi asiishike. Castile akaanza kueleza anachotafuta, askari akamkatiza: usiitoe. Castile akasema haitoi. Mpenzi wake naye akasema haitoi. Askari akarudia kwa ukali, na risasi saba zikafuata. Tangu Castile alipotaja silaha hadi risasi ya kwanza, hazikufika sekunde kumi. Bastola ilikutwa mfukoni mwake, magazini ikiwa na risasi lakini chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ikiwa tupu. Kibali chake kilikuwa ndani ya pochi. Juni 2017 jopo la raia lilimwona Yanez hana hatia ya kuua bila kukusudia.

Nimeeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila fundo la mada hii limo ndani yake. Mtu alikuwa na haki. Mtu alikuwa na adabu. Mtu alisema ukweli mapema. Na bado.

Ninachokiona mimi ni hiki: Marekani ina sheria mbili zilizokua mbalimbali bila kukutanishwa. Moja inampa raia haki ya kubeba silaha. Nyingine inampa askari aliyemsimamisha dereva ruhusa ya kuichukulia silaha yoyote anayoikuta kuwa hatari kwa maisha yake. Zinakutania dirishani mwa gari, usiku, na waliopo ni watu wawili wasiojuana ambao kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Nani hasa anabeba kihalali?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kudhani Marekani ina sheria moja ya silaha. Kuna Katiba, ambayo Marekebisho yake ya Pili yanalinda haki ya kumiliki na kubeba silaha. Kuna sheria za shirikisho, zinazotumika nchi nzima. Halafu kuna sheria za majimbo 50, na kila jimbo lina zake.

Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema mtu binafsi ana haki ya kuwa na bastola nyumbani kwa kujilinda. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen iliyotoka New York, mahakama hiyohiyo ikavusha haki hiyo nje ya mlango wa nyumba: raia wa kawaida anaweza kubeba bastola hadharani kwa ajili ya kujilinda. Majimbo bado yanaweza kudai kibali, ila hayawezi kumnyima mtu kwa sababu tu ofisa haoni kwa nini anaihitaji.

Kibali cha kubeba silaha ni ruhusa ya jimbo ya kutembea na bastola iliyofichwa mwilini au ndani ya gari. Kwa kawaida mwombaji huchunguzwa rekodi yake ya makosa, na majimbo mengi hudai pia mafunzo. Lakini zaidi ya nusu ya majimbo sasa hayadai kibali kabisa. Vermont haijawahi kudai. Alaska iliacha 2003, Arizona 2010, Texas 2021, Ohio 2022. Katika majimbo hayo, mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kuwa na bastola kiunoni bila karatasi yoyote. Kwa hiyo swali la askari kwamba kibali kiko wapi, ambalo zamani lilimaliza mambo, katika nusu ya nchi halimalizi kitu tena. Jambo hili limemwondolea askari njia moja rahisi ya kumtambua mwenye haki, na halizungumzwi vya kutosha.

Kwa ndugu zetu wanaoishi kule, kuna jambo la kushika sana. Sheria ya shirikisho inawazuia watu wengi walioingia kwa viza za muda, wakiwemo wanafunzi na watalii, kumiliki hata risasi moja, isipokuwa kwa mianya michache kama leseni ya uwindaji. Aliye nchini bila hati haruhusiwi kabisa. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Pia mtumiaji wa bangi, hata pale jimbo lilipoihalalisha, bado kwa sheria ya shirikisho amekatazwa kuwa na silaha. Jimbo kuruhusu kitu kimoja hakumaanishi serikali ya shirikisho imeruhusu viwili kwa pamoja.

Kusimamishwa ni nini mbele ya sheria?

Marekebisho ya Nne ya Katiba yanamkinga mtu asikamatwe wala kupekuliwa bila sababu ya maana. Gari likisimamishwa, mahakama huhesabu kwamba waliomo wamezuiliwa, hata kama ni kwa dakika tano. Kwa hiyo askari lazima awe na sababu. Kesi ya Prouse ya 1979 ilikataza kumsimamisha dereva kiholela ili tu kumwangalia leseni.

Lakini sababu inayotakiwa ni ndogo mno. Taa iliyokufa inatosha. Kukanyaga mstari kunatosha. Na kesi ya Whren ya 1996 iliongeza jambo zito: maadamu kuna kosa la barabarani lililoonekana, mahakama haitauliza dhamira ya askari ilikuwa ipi. Anaweza kukusimamisha kwa taa huku akili yake iko kwenye wizi, dawa za kulevya au silaha, na kusimamishwa huko kukabaki halali. Ndiyo maana maelezo ya Falcon Heights kwamba dereva alifanana na mshukiwa hayakuharibu uhalali wa kumsimamisha. Taa ilitosha.

Gari likisha kusimama, askari ana mamlaka ambayo madereva wengi hawayajui. Kesi ya Mimms ya 1977 ilitoka Philadelphia, ambako polisi walimsimamisha mtu kwa namba ya gari iliyokwisha muda, wakamwamuru ashuke, wakaona koti lake limevimba ubavuni, wakampapasa na kukuta bastola. Mahakama ya Juu ikasema askari anaweza kumwamuru dereva ashuke bila kueleza sababu ya ziada. Mwaka 1997 ikasema hivyohivyo kwa abiria. Mwaka 1983, katika kesi ya Long kutoka Michigan, iliruhusu askari kupekua sehemu ya abiria ndani ya gari, mahali silaha inapoweza kufikiwa, ikiwa ana sababu za kuamini kwamba mhusika ni hatari.

Upekuzi wa namna hii una mipaka. Unalenga silaha tu, si makaratasi wala simu. Haugusi buti kwa kisingizio hichohicho. Na mwaka 2015, katika kesi ya Rodriguez, mahakama ilisema kazi ya kusimamisha gari ikishaisha, yaani leseni imekaguliwa na faini imeandikwa, askari hawezi kumweka dereva hata dakika chache za nyongeza kungoja mbwa wa kunusa, bila shaka mpya yenye msingi.

Neno hilo la shaka yenye msingi litatufuata hadi mwisho, kwa hiyo tulielewe. Maana yake ni kwamba askari anaweza kutaja mambo anayoyaona au kuyajua, mambo ambayo mtu mwingine mwenye akili timamu angeyaona pia, yanayoelekeza kwenye uhalifu au hatari. Hisia peke yake haitoshi. Ushahidi kamili nao hauhitajiki. Ni kiwango cha chini kuliko kile kinachotakiwa ili kumkamata mtu.

Mwenye silaha ni mtu hatari?

Sasa tumefika penyewe. Mwaka 1968, katika kesi ya Terry iliyotoka Cleveland, Ohio, Mahakama ya Juu iliruhusu askari kumpapasa mtu juu ya nguo akiwa na shaka yenye msingi kwamba mtu huyo ana silaha na ni hatari. Soma tena: ana silaha, na ni hatari. Ni masharti mawili. Mwaka ule karibu kila aliyeficha bastola kiunoni alikuwa anavunja sheria, kwa hiyo masharti hayo mawili yalitembea pamoja na hakuna aliyejisumbua kuyatenganisha. Leo mamilioni ya watu wanabeba kihalali. Je, kuwa na silaha peke yake kunatosha kumfanya mtu ahesabiwe hatari?

Mahakama za rufaa za shirikisho hazikubaliani. Mwaka 2017, moja yenye mamlaka juu ya Virginia, West Virginia, Maryland na zile Carolina mbili iliamua kesi ya Robinson. Mtu alipiga simu kwamba ameona abiria akiingiza risasi kwenye bastola katika eneo la maegesho. Polisi wakalisimamisha gari kwa sababu waliomo hawakufunga mikanda, wakampapasa abiria, wakaikuta. Upande wa utetezi ukasema West Virginia inaruhusu kubeba bastola, kwa hiyo kuibeba si dalili ya hatari. Mahakama ikakataa: mtu aliyesimamishwa kihalali akiwa na silaha ni hatari kwa askari, awe ana haki ya kuibeba au hana. Hatari inatokana na bastola kuwepo, si na uhalali wake.

Miaka miwili kabla, mahakama nyingine ya rufaa, inayosimamia Ohio na Michigan miongoni mwa majimbo mengine, iliamua kesi ya mtu wa Toledo aliyekuwa akitembeza mbwa na bastola kiunoni, waziwazi, jambo ambalo Ohio inaliruhusu. Askari alimpokonya silaha na kumfunga pingu. Mahakama ilisema jimbo likishahalalisha jambo, askari hawezi kulifanya jambo hilohilo kuwa sababu ya kumzuia mtu.

Kesi hizo mbili hazigongani moja kwa moja, na hapa inafaa kwenda taratibu. Ya Toledo inahusu kumsimamisha mtu: je, bastola peke yake ni sababu ya kumzuia? Hapana. Ya West Virginia inahusu mtu ambaye tayari amesimamishwa kwa kosa lingine: je, bastola inampa askari ruhusa ya kuongeza tahadhari? Ndiyo, kwa mujibu wa mahakama ile. Dereva aliyezimikiwa na taa yuko kwenye kundi la pili, na ndiyo maana haki yake inapungua nguvu pale hasa anapoihitaji.

Kuna uamuzi wa tatu unaoonyesha mpaka uko wapi. Huko Waterbury, Connecticut, dereva mmoja alikuwa amesimama pembeni usiku, ramani ya simu imegoma. Askari alimfikia, naye akampa leseni pamoja na kibali, akamwambia bastola iko kwenye mfuko wa mlango. Askari akamtoa garini, akamfunga pingu, akamweka nyuma ya gari la polisi, kisha akapekua gari mpaka ndani ya buti. Dereva alifungua kesi. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya eneo hilo ikasema askari hawezi kujificha nyuma ya kinga inayowalinda maofisa dhidi ya madai ya fidia, kwani kumiliki silaha kwa kibali halali si sababu ya kumkamata mtu. Kuchukua tahadhari kwa muda mfupi ni jambo moja. Kumtendea mwenye kibali kama mhalifu aliyekamatwa ni jambo jingine kabisa.

Kama unataka kuliona kwa urahisi, kibali cha silaha kinafanana na leseni ya udereva. Leseni yako inaiambia serikali kwamba umefuzu kuendesha. Haimwambii mwenye gari lililo mbele yako kwamba leo hutamgonga, na ndiyo maana bado anakuangalia kwenye kioo. Kibali kinathibitisha kwamba siku ya kuomba hukuwa na kizuizi. Askari aliye dirishani anataka kujua kitu ambacho karatasi haiwezi kumwambia: mikono yako itafanya nini sasa hivi.

Ni lazima useme una silaha?

Wengi huamini kwamba dereva mwenye bastola lazima aitangaze papo hapo, kila mahali. Si kweli. Michigan na North Carolina zinamtaka mwenye silaha ajieleze mwenyewe mara askari anapomfikia, hata asipoulizwa. Majimbo mengine yanamtaka aseme pale tu anapoulizwa. Ohio ilikuwa kundi la kwanza ikahamia la pili mwaka 2022. Mtu anayesafiri kutoka jimbo moja hadi jingine anaweza kuwa amefuata sheria saa nne asubuhi na kuivunja saa tano, bila kugusa chochote.

Minnesota ni ya kundi la pili. Askari hakuwa amemuuliza Castile kuhusu silaha. Kwa sheria ya jimbo lake, alikuwa na haki ya kunyamaza, akatoa leseni na kusubiri faini yake. Alisema kwa hiari, ili kumtoa askari wasiwasi. Nikilifikiria hilo, ndipo ninapoona jinsi lilivyo jepesi lile jibu la kwamba marehemu lazima alifanya jambo. Alifanya, ndiyo. Alifanya zaidi ya alichodaiwa na sheria.

Kuna imani nyingine kwamba askari huwa anajua tayari, kwa kuwa kompyuta ya gari lake inaonyesha vibali. Katika baadhi ya majimbo, kweli, kumbukumbu za vibali zimeunganishwa na leseni za udereva. Kwingine hazijaunganishwa, na kibali cha jimbo jingine kinaweza kisionekane. Tena mara nyingi askari huwa bado hajakagua leseni yako anapolifikia dirisha lako mara ya kwanza. Na pale ambapo kibali hakihitajiki, kompyuta haina cha kuonyesha.

Hofu ya askari inatoka wapi?

Polisi wa Marekani husimamisha madereva zaidi ya milioni 20 kwa mwaka, zaidi ya 50,000 kwa siku ya kawaida, kwa hesabu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford. Karibu zote huisha kwa onyo au faini. Lakini askari mwanafunzi hafundishwi kwa hizo zilizoisha salama. Vyuo vingi vya polisi vimewaonyesha wanafunzi mkanda wa Januari 1998 kutoka Georgia, ambamo naibu sherifu kijana, Kyle Dinkheller, anauawa na dereva aliyemsimamisha kwa mwendo kasi. Dereva yule alirudi garini kwake na kutoka na bunduki, huku kijana akimpigia kelele aiweke chini. Aliyeutazama mkanda huo hausahau. Fundisho linalobaki ni kwamba anayesita hufa, na kwamba kifo hutoka mikononi mwa dereva.

Hofu hiyo si ya kubuni. Askari wameuawa kandokando ya barabara, na wataendelea kuuawa. Ila ukubwa wake una hesabu. Mwanasheria Jordan Blair Woods alichunguza kumbukumbu za idara zaidi ya 200 za polisi huko Florida kwa kipindi cha miaka kumi, akachapisha matokeo yake mwaka 2019. Katika kusimamishwa kwa kawaida kwa makosa ya barabarani, alikadiria kwamba askari mmoja aliuawa kwa kila magari milioni 6.5 yaliyosimamishwa, na kujeruhiwa vibaya kwa kushambuliwa kulitokea mara moja kwa kila 361,111. Anayefundishwa kwamba kila dirisha ni kaburi anafundishwa jambo lisilolingana na kazi atakayoifanya.

Nayo hofu haigawanywi sawa. Utafiti mkubwa wa Stanford uliotoka mwaka 2020, uliopitia kumbukumbu za karibu magari milioni 100 yaliyosimamishwa, ulionyesha kwamba sehemu ya madereva weusi miongoni mwa wanaosimamishwa hupungua giza linapoingia, pale ambapo rangi ya ngozi ni vigumu kuonekana kutoka mbali. Ulionyesha pia kwamba weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini hupekuliwa kwa ushahidi mdogo kuliko weupe. Castile mwenyewe alikuwa amesimamishwa zaidi ya mara 40 maishani mwake, sehemu kubwa kwa makosa madogo. Kwa hiyo anayesema kibali hakimsaidii mtu mweusi ametia chumvi juu ya sheria, lakini hajakosea kuhusu barabara.

Kisha kuna tatizo la amri zinazopingana, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye tiba rahisi kuliko yote. Askari anasema nipe leseni. Leseni iko mfukoni. Bastola iko mfuko wa pili au kiunoni hapohapo. Dereva anatii, mkono unashuka. Askari anasema usiguse. Dereva sasa ana amri mbili, na kuitii moja ni kuivunja nyingine. Utulivu na heshima havimtoi mtu hapo, kwa sababu anayetoa amri hajasema ipi imefuta ipi. Askari anayetamka amri moja tu, kwamba weka mikono juu ya usukani na usiisogeze, leseni tutaishughulikia baadaye, amelimaliza tatizo kabla halijazaliwa. Hilo halihitaji bunge wala mahakama. Linahitaji mafunzo.

Risasi zikishapigwa, mahakama hupima nini?

Watu hushangaa askari anapoachiwa huku bastola ya marehemu ikiwa haikutoka mfukoni. Kipimo kilitoka kwenye kesi ya Graham ya 1989: je, askari mwingine mwenye busara, akiwa pale, kwa muda uleule na kwa aliyoyajua wakati ule, angeona nguvu hiyo inafaa? Haiulizwi kama alikuwa sahihi. Anaweza kukosea kabisa kuhusu silaha na bado akaonekana alitenda kwa busara. Na kwenye kesi ya jinai mwendesha mashitaka lazima athibitishe kosa bila kuacha shaka, kwa jopo ambalo mara nyingi linamsikia askari akieleza hofu yake kwa machozi, wakati aliyekuwa upande wa pili hayupo kueleza yake.

Badiliko moja la karibuni lina uzito. Mwezi Mei 2025, katika kesi ya Barnes dhidi ya Felix, iliyotokana na gari lililosimamishwa karibu na Houston kwa ushuru wa barabara usiolipwa, Mahakama ya Juu ilikataa kwa kauli moja utaratibu wa baadhi ya mahakama wa kutazama sekunde ya mwisho tu, ile ambayo askari aliona maisha yake yamo hatarini. Lazima yatazamwe na yaliyotangulia. Kwa dereva mwenye silaha halali, maana yake ni kwamba amri zilizopingana, haraka ya askari na tahadhari iliyotolewa kwa adabu vyote sasa vina nafasi ya kuzungumzwa mahakamani.

Kwa anayebeba kihalali na anayeendesha

Mwongozo wa madereva wa Arizona una sehemu maalumu juu ya hili, na ushauri wake unafanana na unaotolewa na wakufunzi wengi wa silaha. Simama mahali penye mwanga. Washa taa ya ndani. Mikono yote juu ya usukani kabla askari hajafika, na ibaki hapo. Usianze kutafuta karatasi ukiwa peke yako, kwani askari anayekuja kwa nyuma anachokiona ni bega linaloinama.

Ukilazimika kusema, au ukiamua kusema, mpangilio wa maneno una uzito. Usianze na bastola. Anza na kibali, taja silaha iko wapi, kisha uliza: nina kibali cha kubeba, iko kiunoni upande wa kulia, mikono yangu ipo hapa, ungependa nifanye nini? Leseni ikiwa karibu na silaha, sema hivyo kabla ya kusogea, ungoje jibu, halafu urudie kwa sauti unachokwenda kufanya. Usiishike silaha ili kumwonyesha, wala kumkabidhi, hata kwa nia njema. Akitaka kuichukua, aichukue mwenyewe.

Wanaovuka mipaka ya majimbo wanayo sheria ya shirikisho ya 1986 inayowalinda wakisafiri kutoka mahali wanaporuhusiwa kwenda mahali wanaporuhusiwa, kwa sharti kwamba silaha haina risasi na haifikiki kutoka kwenye viti. Ikae ndani ya buti, au kama gari halina buti, kwenye kisanduku kilichofungwa, ambacho si droo ya dashibodi. Kibali cha jimbo lako hakitambuliwi moja kwa moja na jimbo jirani.

Askari akiishikilia silaha wakati wa kusimamishwa, kwa kawaida anatakiwa kuirudisha shughuli ikiisha, kama hakuna kosa lililogundulika. Mara nyingi hutoa magazini na kuvitenganisha, akavirudisha mbalimbali, wengine wakaviweka ndani ya buti. Usiirudishie risasi mpaka gari la polisi liondoke. Asipoirudisha, omba hati ya kuichukua, soma namba ya gari lake, na malalamiko yapelekwe idarani au kwa wakili siku inayofuata. Pale barabarani hakuna hakimu.